Kaka Anyoosha Mikono

"Aliyemfunga kaka yako kamba kitandani pale kituo cha walemavu hajajulikana," afisa wa malalamiko akamwambia dada mtu. "Weka sahihi kwenye fomu hii tufunge faili. Serikali imeshachunguza."

"Imemchunguza nani, kitanda?"

Kaka mtu, asiyesema tangu azaliwe, alikuwa anaichekea feni kwenye kiti chake cha magurudumu. Mlango ukafunguka, akaingia mwanaume, funguo zinamlia kiunoni.

"Bosi wetu mpya huyo!" afisa akasema. "Katoka kituo hichohicho, kapandishwa cheo."

Kicheko cha kaka mtu kikakatika. Kaka akainua mikono mwenyewe, akaibananisha pale penye makovu ya kamba, akamnyooshea bosi amfunge.

Bosi akageukia dirishani.

Dada mtu akamrudishia afisa fomu bila sahihi.

"Shahidi wangu kashasema, mheshimiwa. Kalamu unayo. Andika."