Chumvi Nyingine

Mume wangu Respicius alifariki asubuhi moja ya Aprili iliyoanza kwa jua, mvua ikanyesha, kisha jua likarudi kabla hatujatoka hospitalini. Yeye angeiita hali ya hewa ya Uingereza. Aliishi Leeds miaka mingi kabla hatujahamia hapa Beltsville, na huko alijifunza kutoahirisha jambo kwa sababu ya mvua.

Kila Julai aliwachomea nyama Watanzania wenzetu bustanini. "Leeds tungesubiri jua ndipo tuoane," alizoea kunitania, "hadi leo tungekuwa wachumba."

Julai ya kwanza bila yeye, mkaa ulipokolea tu na nyama ikawekwa juu ya jiko, mvua ikashuka. Watu wakakimbilia kwenye magari.

"Shemeji, tuahirishe!" mdogo wake Respicius alinipigia kelele. "Hii mvua haina adabu!"

Nilikuwa nimeshashika simu niwaambie waliokuwa njiani wageuze. Hapo binti yetu akashuka garini na mwavuli. Hakujifunika. Aliushika juu ya jiko, mgongo wake ukilowa, moshi ukimwingia machoni. Matone yaliyodondoka pembeni mwa mwavuli yaliangukia kingo za jiko na kuchemka papo hapo.

"Mama, lete chumvi nyingine," alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza. "Ya kwanza imeoshwa."

Nikairudisha simu mkobani.

"Huyu kweli mtoto wa kaka," akasema shemeji, akaenda kuwaita watu.

Sasa kila Julai anayechoma nyama ni binti yetu.