Mikono ya Golikipa

Siku hizi kocha hapigi kelele kando ya uwanja. Anagusa kishikwambi, na mwili wa mchezaji unatii. Ndivyo Shomari alivyoifikisha timu ya wanawake ya mtaani kwao fainali, golini akiwa mkewe, Zuena. Alimpa maagizo mawili: usitoe mpira mpaka mtu akusogelee, na mtu akikusogelea, ufunike kwa mwili wako. Kila moja peke yake halina neno. Yakikutana, mpira hautoki. Na kipenga cha mwisho hakiyafuti: mikono hushika chochote kama mpira, na ulimi haumtii mwenyewe.

Sasa Zuena alikuwa mkekani, amempakata Tunu, mtoto wao mchanga, aliyelowa jasho na kulia mpaka sauti imemkauka. Bi Mgeni, mama yake Zuena, alikuwa ameshaandaa beseni la maji.

“Haya, nipe mjukuu wangu nikamwogeshe.”

Aliposogea tu, Zuena akamgeuzia mgongo na kumkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi.

Bi Mgeni akacheka. “Baba Tunu, umeyaona mapenzi hayo?”

“Nimeyaona, mama.”

Alikuwa ameyaona pia macho ya mkewe, ambayo hayakupewa agizo lolote. Yalikuwa yakimwomba. Kidole kimoja tu kingetosha kufuta kila kitu. Lakini agizo likishafutwa, mwili huchukua wiki nzima kulipokea tena, na fainali ilikuwa kesho.

Shomari akakisukumiza kishikwambi chini ya mto.

“Maji yameshapoa, mama,” alisema. “Nipe beseni nikayamwage.”