Lebo ya Kwenye Koti

"Sasa hapa unataka nishone nini?" fundi aliuliza, akilitazama koti lililokwisha kushonwa, tena likashoneka.

"Lebo yako tu, mzee," alijibu mteja wake wa miaka mingi. "Koti kanishonea yule binti wa ng'ambo ya barabara."

Fundi hakukasirika. Alitaka kujua. "Kwa nini kitambaa hukuniletea mimi?"

Mteja aliona haya. "Makoti yako hunibana kwapani, mzee wangu. Nimevumilia miaka yote. Lakini kesho naenda ukweni, na baba mkwe huwa anafunua koti kutafuta jina lako."

Fundi alivaa miwani, akaligeuza koti ndani nje. Pale kwapani, ambapo yeye huunganisha vipande viwili akamaliza, binti alikuwa ameongeza kipande cha tatu, kidogo kama jani. Akakivuta, kikakubali. Akakipapasa tena kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayesoma barua gizani.

"Anajua umekuja kwangu kutafuta lebo?"

"Anajua. Alicheka tu, akasema makoti yake watu wanayasifu, lakini hakuna anayeuliza nani kashona."

Fundi alifungua kopo la lebo, akachukua moja, akaishika kidogo, kisha akairudisha. Akalifunika kopo zima, akalitia kwapani.

"Nipeleke kwake," alisema. "Lebo ataishona mwenyewe. Mimi nataka anionyeshe hiki kijipande anakikataje."