Maangamizi ya Ulimwengu

"Binti, kompyuta imeandika kwamba haya ni maangamizi ya ulimwengu," alisema mzee wa ghala la mahindi kwenye simu. "Nimeifunga tu programu yako, sijagusa kingine."

Solveig, aliyeiandika programu hiyo, hakucheka. Maneno hayo hutokea programu inapofungwa, yaani inapokufa, na kuzifuta sehemu zake ovyo ovyo, bila kujali ipi itangulie. Kama kikaushio cha nafaka, kilichoendeshwa na programu hiyo, hakikuzimwa kwanza, mahindi ya wilaya nzima yangeungua.

"Mzee, hebu kaguse bomba la hewa ya moto la kikaushio."

Alisikia buti zikisaga theluji, kisha glavu ikivuliwa.

"Baridi kama pua ya mbwa."

Solveig akashusha pumzi. Kikaushio kilizimika salama. Sehemu ya programu inayokiendesha ililalamika tu kwa sababu sehemu ya kupokea taarifa zake ilikuwa imeshafutwa. Pale pale mezani kwake, mjini Duluth, akaongeza mstari mmoja kwenye programu ya ghala kupitia mtandao: programu nzima ikiwa inakufa, kaa kimya.

"Iwashe, halafu uifunge tena."

Mzee akabonyeza, akangoja.

"Safari hii haijasema kitu."

"Basi ulimwengu bado upo, mzee."

"Si ungeniambia mapema," akanung'unika. "Nimeshampigia shemeji yangu, nimemsamehe."