Hewa Iliyotulia Kisimani

Uvumi ule ulikataa kunitoka kichwani: eti mbuzi wa jirani yetu Lokaale alipiga magoti kunywa maji na hakuinuka tena. Tangu kampuni ya mafuta ianze kusukuma gesi ya kaboni ardhini ili mafuta yapande juu yachotwe, amri ni kwamba kila mtu alale kwenye kitanda cha miguu mirefu. Gesi ikivuja hutulia chini, hukata pumzi, na haina harufu. Vitanda tukapewa. Lakini maji bado tunayachimba kwenye mchanga wa mto mkavu, na anayeshuka shimoni ni mtoto, maana mtu mzima haenei.

Jana nilimkataza binti yangu Nawoi kushuka.

"Sasa mama, tunywe kitanda?"

Nilicheka kwa uchovu, nikateremsha koroboi kwa kamba. Ikazimika kabla ya kufika majini. Nikaiwasha tena, ikazimika tena. Nyuma yetu watoto walikuwa wamepanga foleni na mitungi yao.

Mama wenzangu, nawaomba:

Msimshushe mtoto kabla ya taa.

Msiiname kuokota kilichoanguka humo shimoni.

Mtoto akianguka, msimfuate. Hili la mwisho naliandika tu. Sidhani kama mimi nitaliweza.