Mlio wa Barafu

Meli ya Tanzania ya kuvunja barafu ilikwisha kung'oa nanga, ya Warusi mbele, ya Wakanada nyuma, kwenda kuilinda barafu. Kuivunja kulishapigwa marufuku dunia nzima. Mpishi wa meli hiyo, Bi Mwanakombo, alikuwa na jambo moja moyoni. Mumewe, Shekuwe, alikuwa hoi kitandani kule Pangani, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa akimcheka kwamba meli yake ni ya uongo.

Siku ya tisa wakaliona bonge lenyewe la barafu waliloagizwa kulilinda. Nahodha akalizunguka kwa adabu, kama mtu apitaye makaburini.

"Mume wangu, tumeipata!" Bi Mwanakombo akasema kwenye simu, akamtumia na picha.

"Picha hata runinga inazo, bibie. Mimi nataka niisikie ikivunjika."

Bi Mwanakombo akatazama huku na huku, akatoa barafu kwenye friji ya jikoni, akaitwanga kwa mchi.

"Lo! Kumbe kweli!" Shekuwe akacheka mpaka akapaliwa.

Shekuwe alipona, akaisimulia Pangani nzima. Nahodha alistaafu bila kuvunja hata kipande. Bonge liliyeyuka lenyewe mwezi wa tisa. Meli zote tatu zingali zinazunguka palepale, na Bi Mwanakombo ameitia kufuli friji yake, yenye barafu pekee iliyobaki ya kulindwa.