Viganja Viwili vya Magadi

Apolline aliibamiza simu mezani hadi kifuniko chake kikaruka.

"Restaurant! Mimi ndiye wa kuambiwa restaurant!"

Aliyempigia ni Rémy, rafiki yake tangu walipokuwa shule moja kule Masisi. Alikuwa amembembeleza kwa ile sauti yake ya asali. "Apo, mwaka hii upumuzike. Tukule ku restaurant, kando ya ziwa. Docteur amenikataza vitu mingi ju ya tumbo."

Tumbo! Tumbo lililomaliza sufuria yake kila mwaka, leo ndiyo limejua daktari? Apolline hakuwa mtoto. Hii ilikuwa kazi ya Eugénie tu, rafiki yao mwingine: tangu ajenge nyumba ya ghorofa, anaogopa mawe meusi ya volkano ya huku Murara yatamchubulia viatu. Na Laurent, wa tatu wao, bendera fuata upepo, ameitikia.

"Mutakuja kwangu," alikuwa amemjibu Rémy, "ao musinijue tena!"

Basi akapika, huku akipepea makaa kana kwamba anawapiga wao. Siku nyingine zote jiko lilikuwa la binti yake, Héritière. Lakini karamu hii ya kila mwaka hakuna mwingine aliyeipika. Ilianza mwaka aliomzika mume wake, wale watatu walipokuja kumpa pole, naye akawapikia maharage ya marehemu mama yake: viganja viwili vya magadi ili yalainike, kama mama alivyotia alipopikia harusi nzima kule milimani. Siku ile Rémy alikula hadi machozi yakamtoka. "Hatujakulaka kitu kama hii," Eugénie alisema, na wote wakaapa kurudi kila mwaka. Apolline, ambaye wakati ule hakutaka hata kuamka kitandani, akapata kitu cha kungoja.

"Mama, uniache miye nitie magadi," Héritière alisema mlangoni.

"Utoke hapa!"

"Basi ninaenda kanisa. Leo niko nafunga."

Na huyu naye! Kila mwaka siku ya karamu ndipo anapokumbuka kufunga.

Saa ya kula ikafika, ikapita. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikarudi. Akapiga simu ya Rémy, kimya. Ya Eugénie, kimya. Basi Apolline akawaona kwa macho ya moyo, wote watatu kando ya ziwa, samaki mezani, wakimcheka. Miaka yote hii! Kweli shukrani ya punda ni mateke. Kumbe walikuwa wakimvumilia tu, mjane wa Murara na jiko lake la makaa.

Mama yake alimfundisha kwamba mwenye nyumba haonji sufuria ya wageni, anakula wakishashiba. Na wale walishiba mno: kila mwaka sufuria ilirudi nyeupe, maji ya mtungi yamekwisha yote, na yeye akalala na chai. Leo haiwezekani. Leo kama watakuja, wakute sufuria tupu, walambe chuma!

Akajipakulia sahani ya kujaa, akaketi kwenye kiti cha Rémy, akatia kijiko kinywani.

Sabuni.

Akasita. Labda ulimi unamdanganya kwa hasira. Akatia kijiko cha pili. Sabuni tupu, na ukali uliomshika kooni hadi machozi yakamtoka.

Mlango ukagongwa, na kabla hajajibu wakaingia wote watatu, wametota, matope mpaka magotini.

"Utusamehe, dada," Laurent alisema akihema. "Tulipitia kumuchukua Rémy kule Ndosho, barabara ikafungwa na maji. Tumekuja na miguu. Hata masimu zimelowa zote."

Eugénie, viatu vyake mkononi, hakungoja kukaribishwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akaanza kumjazia kila mtu glasi ya maji.

Rémy akavuta kiti. Mkono mmoja alikuwa ameushika tumboni. Kwa mwingine akamnyooshea Apolline sahani.

"Ujaze, Apo," alisema. "Kama ya kila mwaka."